Kivuli Kilichoachana na Mwili

Katika dunia tunayoikanyaga kivuli ni mfuasi asiye na hiari: penye nuru na kitu cha kuizuia hakikosi kuwapo, na kitu kikiondoka nacho huondoka. Katika dunia zinazoundwa ndani ya injini za michezo ya kompyuta ufungamano huo haupo ila kwa amri ya mtu. Mtengenezaji wa mchezo aweza kuweka mti ambao hapana mchezaji atakayeuona kamwe, na matawi yake yakatia giza juu ya ukuta. Aweza kumficha mhusika mzima asionekane hata ncha ya ukucha, na kivuli chake kikaendelea kutembea sakafuni, kikiinama na kunyanyua mikono sawasawa na mwili ambao jicho halioni.

Jambo hili leo hutimizwa kwa kuchagua neno moja katika menyu, na kwa ajili ya wepesi huo vijana wengi wanaoingia katika kazi hii hulidhania kuwa hila ndogo iliyobuniwa na watu wa michezo kwa ajili ya mizuka na majini. Rai yangu ni kinyume cha hivyo. Uwezo wa kitu kisichoonekana kutoa kivuli kinachoonekana ulizaliwa kabla ya injini yoyote ya michezo tunayoijua leo, nao ni natija ya uamuzi wa kihandisi ambao waliouamua hawakuukusudia kwa jambo hili hata kidogo: kwamba nuru iulizwe swali lake, na jicho nalo liulizwe lake.

Kabla ya mashine

Miongoni mwa waliokipa kivuli heshima ya elimu kamili alikuwamo Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kumalizia umri wake Kairo, ambaye katika kitabu chake cha Manadhir alithibitisha kwamba tunaona kwa sababu nuru hutoka katika vitu na kuingia machoni, wala si kwa sababu jicho hutupa miali nje. Naye aliandika pia risala makhsusi juu ya vivuli. Al-Biruni, aliyeishi zama zile zile, alitunga kitabu kizima kuhusu maudhui hayo, akaeleza ndani yake vipimo vya jua na nyakati za sala. Kwa kuwa Alasiri katika madhehebu ya Shafi huingia pale kivuli cha kitu kinapokizidi kivuli chake cha adhuhuri kwa kadiri ya urefu wa kitu chenyewe, waadhini wa pwani ya Afrika Mashariki walirithi nao elimu ya kukiamini kivuli kuwa shahidi. Kwa wataalamu hao wote kivuli kilikuwa dalili isiyosema uongo: kikionekana hapa, mwenyewe yuko pale.

Watu wa sanaa hawakukubali kufungwa na sheria hiyo. Huko Kairo, katika karne ya 13, Ibn Daniyal, mzaliwa wa Mosul na tabibu wa macho kwa kazi yake ya kila siku, alitunga michezo ya vivuli ambayo mitatu imesalia hata leo. Watazamaji walikaa upande mmoja wa shuka iliyotandazwa wima, na taa pamoja na vikaragosi vya ngozi vikawa upande wa pili, hata kilichoyafikia macho ya watu kikawa kivuli kitupu. Miaka mia sita na zaidi baadaye, mwaka 1922, F. W. Murnau wa Ujerumani alikipandisha ngazi kivuli cha mnyonya damu katika filamu ya Nosferatu, kucha ndefu zikitangulia, pasipo mwili kuonekana. Tangu siku hizo mafundi wa taa za filamu wamekuwa wakiweka matawi ya miti, fremu za madirisha na mbao zilizotobolewa mbele ya taa zao, nje ya upeo wa kamera, ili ukuta upate kivuli cha bustani ambayo haipo.

Lakini fundi wa shuka na fundi wa filamu wote wawili walikuwa watumwa wa mahali. Ili kitu kisionekane iliwapasa kukiweka pale jicho lisipofika: nyuma ya pazia, juu ya dari, kando ya kamera. Kitu kilichosimama katikati ya ukumbi, mbele ya watu mia, hawakuwa na namna ya kukificha na kukiachia kivuli chake.

1968: swali la pili

Kompyuta zilizoanza kuchora maumbo katika miaka ya 1960 zilichora mistari mitupu, nyumba ikaonekana kama mifupa yake tu, na kwa kuwa mstari hauzuii nuru hapakuwa na kivuli cha kuzungumziwa. Mwaka 1968 Arthur Appel, mtafiti wa IBM, alitoa makala iliyobadilisha mambo. Katika njia yake mashine kwanza hutafuta ni nukta ipi ya umbo inayoonekana na mtazamaji. Kisha, kutoka kwenye nukta hiyo, huvuta mstari wa pili mpaka kwenye chanzo cha nuru, na mstari ukikingamwa na kitu chochote njiani nukta hiyo huhesabiwa kuwa kivulini. Michoro yake ilitolewa kwa mashine ya kalamu, na weusi wake ulifanywa kwa alama ndogo ndogo za kujumlisha. Gharama ilikuwa nzito mno: Appel mwenyewe alieleza kwamba hesabu yake huchukua muda mrefu maelfu ya mara kuliko ule wa kuchora mistari mitupu.

Kwa gharama hiyo wengi waliihesabu njia ya Appel kuwa kitu cha kustaajabiwa na kuwekwa kando, wala siwalaumu. Lakini ndani yake mlikuwamo mgawanyiko ambao dunia ya kweli haiujui. Jua haliulizwi, linawaka, na mambo hufuata. Mashine haikuwa na jua. Ilikuwa na maswali mawili tu, moja la kuuliza jicho laona nini na moja la kuuliza nuru yazuiwa na nini, na maswali hayo yaliulizwa kwa zamu, moja baada ya jingine. Vitu vilivyotafutwa katika maswali yote mawili vilikuwa vile vile, maana hapana aliyekuwa na haja ya kuvitofautisha. Ila hapakuwa na sheria yoyote ya hesabu iliyolazimisha hivyo.

1977 na 1978: daftari mbili

Miaka iliyofuata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah waliwafundisha wengine namna ya kulainisha maumbo na kuyapa mng'aro, na mmoja wao, Edwin Catmull, katika tasnifu yake ya mwaka 1974 alieleza njia ya kuhifadhi, kwa kila nukta ya picha, umbali wa kitu kilicho karibu zaidi, ili cha mbele kifunike cha nyuma bila ya kupanga vitu kwa mfuatano. Ilikuwa fikra nyepesi iliyodai kumbukumbu nyingi, na kumbukumbu zama hizo ilikuwa ghali. Lakini bila yake hadithi yetu isingeendelea.

Mwaka 1977 Franklin Crow, wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alikitazama kivuli kwa namna mpya. Hakukichukulia kuwa doa lililolala sakafuni, bali sehemu ya anga iliyonyimwa nuru, yenye kuta zinazoanzia kwenye kingo za umbo na kunyooka kuelekea upande wa pili wa taa bila ya mwisho. Kinachoangukia ndani ya kuta hizo kimo kivulini, na kilicho nje kimo nuruni. Njia hiyo huitwa ujazo wa kivuli, nasi tutakutana nayo tena.

Mwaka uliofuata ulikuwa mkubwa zaidi. Lance Williams, aliyefanya kazi katika maabara ya New York Institute of Technology ambayo Catmull ndiye aliyekuwa kiongozi wake, alitaka kupata vivuli vilivyopinda juu ya vitu vilivyopinda, jambo ambalo kuta nyoofu za Crow hazikulifikia kwa urahisi. Akachukua hifadhi ya umbali ya Catmull, akaipeleka mahali ambapo hapana jicho: akaisimamisha kamera pale taa ilipo. Picha iliyopatikana hapo haikuwa na rangi wala uzuri. Ilikuwa jedwali la namba, kila namba ikisema nuru imesafiri kadiri gani kabla ya kugonga kitu cha kwanza. Kisha akarudi kwenye jicho la mtazamaji akachora picha ya kweli, na kwa kila nukta akapima umbali wake kutoka kwenye taa na kuulinganisha na jedwali. Umbali wa nukta ukizidi ulioandikwa, basi kuna kitu kingine kilichotangulia kupokea nuru, na nukta ile imo kivulini.

Hapa msomaji anivumilie nikae kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Kwa njia ya Williams mandhari moja huchorwa mara mbili, kama mfanyabiashara mwenye daftari mbili za bidhaa zile zile: daftari ya nuru, ambamo huandikwa vitu vyote vinavyozuia mwanga, na daftari ya jicho, ambamo huandikwa vitu vyote vinavyoonekana. Kitu kilichoandikwa katika zote mbili huwa kama vitu vya dunia yetu. Kilichomo katika daftari ya jicho na hakimo katika ya nuru huonekana bila ya kuwa na kivuli, kama ipasavyo miali ya moto. Na kilichomo katika daftari ya nuru na hakimo katika ya jicho hutoa kivuli pasipo kuonekana, hata kikiwa kimesimama katikati ya ukumbi mbele ya watu mia.

Fikra ya Williams ilikuwa na ila zake, naye alizijua na kuziandika. Kwa kuwa jedwali lina nukta zenye hesabu, kingo za vivuli zilitoka na meno kama ya msumeno. Na kwa kuwa namba hazikosi kukadiriwa, kitu kilijikuta mara nyingi kikijitia kivulini chenyewe, uso wake ukajaa madoadoa, hata ikabidi umbali upunguzwe kidogo kabla ya kulinganishwa. Ila hizo zimewasumbua wahandisi mpaka leo.

1986–1997: uhuru wa mafundi wa nuru

Waliokichukua kivuli cha Williams na kukitia kazini ni watu wa filamu. Mwaka 1986 Pixar ilionyesha filamu fupi ya Luxo Jr., ya taa mbili za mezani, kubwa na ndogo, zilizocheza na mpira na kumulikana. Na kwa kuwa wahusika wenyewe ndio waliokuwa vyanzo vya nuru, kila walipotikisa vichwa vyao vivuli vilihama nao. Mwaka 1987 William Reeves, David Salesin na Robert Cook, wa studio hiyo hiyo, walichapisha namna ya kuyalainisha yale meno ya msumeno kwa kuchukua sampuli nyingi za jirani na kukadiria ni sehemu gani ya nukta iliyomo gizani.

Lakini taathira yao kubwa, kwa maoni yangu, haikuwa ulaini wa kingo. Studio iliajiri watu ambao kazi yao ilikuwa kupanga nuru kama mafundi wa taa za filamu, na watu hao hawakujali kabisa kwamba kivuli ni shahidi mwaminifu. Walijali kwamba uso wa mhusika uonekane na kwamba macho ya watazamaji yaelekezwe mahali panapostahiki. Ronen Barzel alipoeleza mwaka 1997 vidhibiti vya nuru vilivyotumika Pixar katika miaka ya filamu ya Toy Story, alitaja vivuli vya kughushi, vizuizi vya nuru visivyoonekana, na uwezo wa kuchagua kitu gani kitoe kivuli chini ya taa gani. Lile tawi la mti ambalo fundi wa filamu alilishika mkononi nje ya kamera liliingia sasa ndani ya mandhari yenyewe, likawekwa mahali popote, na halikuwa na haja tena ya kujificha.

Duara jeusi chini ya miguu

Michezo ya kompyuta ilikuwa imeshika njia nyingine, na hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1982 Sega ilitoa Zaxxon, mchezo ambamo ndege iliruka kwa mshazari juu ya ngome, na kivuli chake kiliwekwa chini yake ili mchezaji ajue yuko juu kiasi gani. Mwaka 1996, katika Super Mario 64 ya Nintendo, mhusika alipata duara jeusi chini ya miguu yake kwa sababu ile ile: anayeruka juu ya genge bila ya kivuli hajui ataangukia wapi. Vivuli hivyo havikuulizwa kwa nuru yoyote. Vilikuwa picha zilizobandikwa, na kama mtengenezaji angemwondoa mhusika na kuliacha duara, duara lingebaki pale pale bila ya kustaajabu. Kivuli kilitenganishwa na mwili kwa sababu ya umaskini wa mashine, iliyopaswa kumaliza picha moja katika sehemu ndogo ya sekunde, ilhali studio ya filamu iliweza kungoja picha moja kwa saa nyingi.

Mwaka huo huo wa 1996 id Software ya Texas ilitoa Quake, ambayo vivuli vya kuta zake vilihesabiwa kabla ya mchezo kuuzwa na kuhifadhiwa katika ramani za nuru. Hesabu hiyo ilikwenda polepole katika chumba cha mtengenezaji, kisha ikakaa kimya milele. Njia hii ilifungua mlango mpya: mara nuru ikiisha kuhesabiwa, kilichoizuia hakina lazima ya kuwamo katika mchezo. Waundaji wa Source, injini ya Valve iliyoendesha Half-Life 2 mwaka 2004, waliweka katika zana zao ubao wa kuzuia nuru, ambao mpangaji wa mandhari aliuchonga apendavyo. Programu ya kuhesabu mwanga iliuheshimu na kuutilia kivuli chake ramanini, na mchezaji alipopita mahali pale hakuuona wala hakugongana nao. Kivuli cha namna hii, hata hivyo, kilikuwa kimekufa: hakikutikisika kwa upepo wala kwa taa iliyoning'inia.

2004: hesabu kutoka nyuma

Kivuli kilicho hai kiliingia katika michezo kwa njia ya Crow. Tim Heidmann wa Silicon Graphics alionyesha mwaka 1991 kwamba mashine za kampuni hiyo, zenye hifadhi maalumu ya kuhesabia kando ya hifadhi ya rangi, ziliweza kuchora kuta za ujazo wa kivuli bila ya kuzionyesha: kila ukuta unaotazamana na jicho huongeza moja, kila ukuta unaolipa jicho mgongo hupunguza moja, na nukta iliyobaki na hesabu isiyokuwa sifuri imo kivulini. Msomaji azingatie maana yake. Mashine iliamrishwa kuchora kuta zilizo kubwa kuliko mandhari nzima, na rangi ikafungwa ili hata nukta moja yake isionekane. Kitu kisichoonekana kilikuwa ndicho chombo chenyewe cha kutengenezea kivuli.

Hesabu hiyo iliharibika jicho lilipoingia ndani ya ujazo wa kivuli, kwa kuwa ukuta wa mbele ulikuwa umekwisha kupitwa na haukuhesabiwa. William Bilodeau na Michael Songy, wa Creative Labs, walieleza dawa yake mwaka 1999, nayo ni kuhesabu kuta zilizo nyuma ya kitu badala ya zilizo mbele yake. Mwaka 2000 John Carmack wa id Software aliifikia dawa ile ile kwa akili yake mwenyewe, alipokuwa akijenga injini ya Doom 3. Creative ilikuwa imeomba hataza, ikaipata mwaka 2002. Ili mchezo utoke mwaka 2004 bila ya kesi, id ilikubali kutia teknolojia ya sauti ya Creative ndani yake. Na mwaka 2011, ilipokuja zamu ya kuutoa msimbo wa programu ya mchezo huo bure kwa watu wote, Carmack ilimlazimu aandike upya sehemu ile ili kuiepuka hataza. Nalitaja jambo hili kwa uchungu. Namna ya kuhesabu kuta za giza, iliyofikiwa na watu mbalimbali kwa mwendo wa fikra ulio wa kawaida kabisa, ilizungushiwa uzio kwa miaka, na mwenye kutaka kuitumia ilimpasa ama aombe ruhusa ama apite njia ndefu.

Doom 3 ilikuwa mchezo wa taa zinazoyumba na korido zenye giza, na vivuli vyake vyote vilihesabiwa hapo hapo, picha baada ya picha. Waandaaji wa mandhari walipewa namna ya kuamrisha sura ya kitu isitoe kivuli kabisa, au itoe kwa lazima. Daftari mbili za Williams zilikuwa zimefika, ingawa kwa mlango wa Crow, mikononi mwa watu wa michezo.

Mchezaji asiyejiona

Haja kubwa ya kivuli kisicho na mwili ilitokana na mchezaji mwenyewe. Katika michezo ambamo anatazama kwa macho ya mhusika, kamera huwekwa kichwani. Mwili ukichorwa mzima, ndani ya fuvu na meno ya mhusika hujitokeza mbele ya macho na kuharibu mandhari. Kwa hiyo watengenezaji waliuficha mwili, wakachora mikono miwili tu inayoelea ikiwa na silaha, mikono ambayo mara nyingi haina mabega. Nuru ilipokuja kuwa ya kweli, fedheha ikadhihirika: mchezaji alipita mbele ya taa, maadui wakatoa vivuli, mapipa yakatoa vivuli, yeye peke yake hakuwa nacho, au sakafuni palipita vipande viwili vya mikono vikielea. Katika Doom 3 kivuli cha mchezaji kilizimwa kwa kawaida, na aliyekitaka alikiwasha kwa amri. Dawa iliyo kamili ni kuweka mwili mzima, kichwa na miguu, wenye kutembea na kuruka kwa mwendo sahihi, kuuandika katika daftari ya nuru na kuufuta katika daftari ya jicho. Mikono inayoonekana ikafanyiwa kinyume chake.

Haja nyingine zilifuata. Mti wenye majani laki moja ni mzigo kuuchora mara mbili. Basi mti wa majani huonekana bila ya kivuli, na umbo jepesi lisiloonekana husimama mahali pale pale kutoa kivuli kwa niaba yake. Mchezo wa kutazama nyumba kutoka juu huondoa paa ili wakazi waonekane, lakini chumba kikijaa jua la saa sita, mtu hujua kwamba kuna jambo haliko sawa. Basi paa hufichwa na kivuli chake hubaki. Ukuta mwembamba huvujisha nuru kwenye pembe. Basi nyuma yake huwekwa ubao usioonekana.

Na kuna haja moja ambayo kila injini iliyo timamu huitimiza bila ya kuombwa. Mashine, ili iokoe muda, hutupa kila kitu kilicho nje ya upeo wa jicho. Lakini mnara ulio nyuma ya mchezaji huweza kutupa kivuli chake mbele yake, na injini iliyousahau mnara kwa kuwa hauonekani ingekifanya kivuli kitokee na kutoweka kila mchezaji ageukapo. Kwa hiyo iliwabidi wahandisi watunge upeo wa pili, wa nuru, wenye kuchuja vitu kwa sheria yake. Tukilitazama jambo kwa jicho hilo, sehemu kubwa ya vivuli tuvionavyo katika michezo hutolewa wakati huo na vitu tusivyoviona, na lile neno moja la menyu limeongeza hatua moja tu juu ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Baada ya Doom 3 njia ya Crow ilirudi nyuma na ya Williams ikatawala, kwa kuwa kadi za picha tangu mwaka 2001, zilipotoka GeForce 3 za Nvidia, zilianza kulinganisha jedwali la umbali kwa saketi zake zenyewe. Splinter Cell ya Ubisoft, mwaka 2002, iliutumia uwezo huo katika Xbox kwa mchezo ambao kisa chake kizima ni kujificha gizani. Injini ziliiga mgawanyiko huo kila moja kwa lugha yake. Unreal iliweka kisanduku cha kuruhusu kitu kilichofichwa kiendelee kutoa kivuli. Katika Unity programu ndogo inayoeleza sura ya kitu, iitwayo sheda, ilikuwa na hatua mbalimbali, na moja yake ilikuwa ya kutoa kivuli peke yake. Mafundi waligundua kwamba sheda yenye hatua hiyo tu huacha kivuli na kufuta mwili. Unity 5 ilipotoka mwaka 2015 ufundi huo wa uchochoroni ulipewa nafasi rasmi: kitu kiliweza kutotoa kivuli, kutoa, kutoa kwa pande zote mbili za uso wake, au kuwa kivuli pekee. Godot, injini iliyoanzishwa Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur na kuachiwa watu wote mwaka 2014, nayo ina machaguo hayo hayo manne.

Wanaoanza kazi hii hujikwaa mahali pamoja. Wakitaka kitu kisionekane huzima kile kipengele cha injini kinachokichora, na kivuli hutoweka pamoja nacho, kwa sababu kwa tendo hilo kitu kimefutwa katika daftari zote mbili. Wengine hukipunguzia rangi hata kikawa cha kioo kitupu. Lakini sheda ya kawaida ya Unity, kwa kitu kinachofifia, hukipunguza kivuli chake kwa kadiri ile ile, na kitu kilichofifia kabisa hakitoi chochote. Kutoonekana kwa jicho na kupitisha nuru ni sifa mbili, na anayetaka moja shurti aiombe kwa jina lake.

Tangu mwaka 2018

Mnamo Machi 2018 Microsoft ilitangaza mfumo wa kufuatilia miali ya nuru katika michezo, na Agosti ya mwaka huo Nvidia ikatangaza kadi zenye vifaa vya kufanya hesabu hiyo. Njia ya Appel, ya kuvuta mstari kutoka kwenye nukta mpaka kwenye taa, ikarudi baada ya miaka 50, safari hii kwa kasi ya michezo. Ingedhaniwa kwamba kwa kuwa miali yote sasa hupita katika mandhari moja, daftari zingeungana tena na kitu kingekuwa ama kimo ama hakimo. Haikuwa hivyo. Katika mfumo wa Microsoft kila kitu kimepewa alama ya tarakimu 8 za sifuri na moja, na kila mwali unaotumwa hubeba alama yake. Mwali hukiona kitu pale tu alama zao zinapokutana. Mwali wa jicho waweza kumpita mtu na kugonga ukuta ulio nyuma yake, na mwali wa kivuli ukasimama kwenye kifua chake.

Mgawanyiko umezidi kuwa mpana, kwa kuwa miali si ya aina mbili tena. Mchezaji anayetazama kwa macho ya mhusika wake akisimama mbele ya kioo anatazamia kuuona uso wake, hivyo mwili uliofutwa machoni lazima uwemo katika daftari ya tatu, ya viakisi. Na nuru inayoruka kutoka ukutani hadi ukutani, ikibeba rangi za vitu inavyovigusa, inadai daftari ya nne: mtu asiyeonekana aliyevaa nguo nyekundu, je, aupake wekundu ukuta mweupe ulio karibu naye? Watu wa Unreal Engine 5, injini iliyotoka mwaka 2022, wameliacha jibu kwa mtengenezaji. Kando ya kile kisanduku cha kivuli cha kitu kilichofichwa wameweka kingine, cha kuamua kama kitu hicho kitachangia nuru ya kurudi au la, na kwa kawaida kisanduku hicho huja kikiwa kimezimwa.